Dari la Wote

Asubuhi hiyo godoro la mama mkwe lilipanda tena darini. Mwenyekiti alilibeba kichwani, akiruka vidato viwili viwili, akiomba asikutane na mtu kwenye ngazi. Kwenye ngazi hakukutana na mtu. Alimkuta juu, na mtu mwenyewe alikuwa Redio, ameinama kwenye magunia yake ya mchicha, kiuno kiko juu na masikio yako juu zaidi.

Redio hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na jengo zima, kwa kuwa habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri imeshafika ghorofa ya chini kabisa na inapanda tena ikiwa imenenepa. Kazi yake ilikuwa upishi katika kantini ya kiwanda, na alizoea kuonja kila kitu kabla ya wengine.

"Godoro tena?" aliuliza.

"Jua zuri leo."

"Hata juzi lilikuwa zuri." Redio akajifuta mikono kwenye gauni, akalisogelea godoro lililoegemezwa kwenye ukuta mfupi wa pembeni, akalibonyeza kwa kidole, kisha akakinusa kidole chake waziwazi. Kidole kilinuka maji na sponji tu, lakini mtu aliyekwisha kuamua hunusa anachokitaka. "Ni Bibi, siyo?"

Hapo palikuwa pahali pa kusema hapana. Neno lenyewe si zito, hata mtoto anayejifunza kuongea analiweza. Mwenyekiti alilitafuta, akaliona, akaliacha lilipo. Alishusha pumzi ndefu tu, akatazama pembeni.

"Utu uzima huo, dada," akasema. "Tutafanyaje."

"Pole sana," alisema Redio, kwa uso wa mtu aliyepewa zawadi, na papo hapo akakumbuka kwamba ana shughuli huko chini.

Mwenyekiti alibaki na godoro lake. Alijua yale maji yalikotoka. Yalitoka pale pale alipokuwa amesimama Redio, chini ya magunia ya mchicha, kwenye ufa ambao hakuna aliyeuona kwa sababu ulikuwa umefunikwa na udongo wa watu wote.

* * *

Jengo lilikuwa na paa bapa la zege, na wapangaji walikuwa wamelilima. Walipandisha udongo kwa migongo yao, ghorofa hadi ghorofa, wakaujaza kwenye magunia, ndoo mbovu, mabeseni yaliyopasuka, hata sinki ambalo mtu alilikuta limetupwa. Wakapanda mchicha, nyanya, bamia na vitunguu. Siku walipokwenda kuomba ruhusa, mwenye jengo alisimama mikono nyuma, akawatazama kama wanaomwomba binti yake, halafu akasema maneno ambayo kila mtu aliyashika. "Dari nawapa. Ila tone moja likishuka chini, kila kitu kinashuka."

Katika jengo hilo dari lilikuwa neno la mambo mawili. Dari lilikuwa lile la juu wanakolima, na dari lilikuwa hili la ndani unalolitazama ukilala chali. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja neno hilo lingewagombanisha.

Mwenyekiti alikaa ghorofa ya mwisho pamoja na mumewe na mama wa mumewe, moja kwa moja chini ya shamba. Kabla ya shamba alikuwa fundi cherehani wa kubana na kuachia nguo za watu, na jengo zima lilimwita "yule wa juu", utafikiri tangi la maji. Wengine walimletea suruali zao bila kumsalimu. Walipotafuta mtu wa kushika ufunguo wa mlango wa darini, walimpa yeye kwa kuwa alikuwa karibu na mlango, na pamoja na ufunguo wakampa cheo. Jina hilo likamkaa mwilini vizuri kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Hata watu wasiolima walimpisha kwenye ngazi, "Pita, Mwenyekiti." Mchicha ulikuwa mzuri na nyanya zilikuwa nzuri, lakini tusidanganyane, alichokipenda zaidi ni hicho.

Na shamba lilikuwa na ugonjwa wake. Kumwagilia kulikwenda kwa zamu, kila nyumba na siku yake, na mwenye zamu alitakiwa kunywesha magunia ya wote. Ila hakuna aliyeamini kwamba mwenzake atamnyweshea vizuri. Mwenye zamu akishamaliza na kushuka, ndipo wenzake wanaanza kupanda mmoja mmoja, kila mtu na kopo lake, kuongeza kidogo kwenye yake. Karani wa ghorofa ya pili, mtu mzima mwenye tai, alikuwa akipanda na jagi chini ya koti. Kwa hiyo magunia yalikunywa zamu, kisha yakanywa wasiwasi, na yaliyoshindwa kunywa yakatafuta njia ya kushuka. Njia ambayo maji yaliipata ilikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe.

* * *

Mama mkwe alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ulimi usiohitaji kunolewa. Alikuwa amekaa na mke wa mwanawe miaka mingi bila ugomvi wa maana, na alimwita "mwanangu" siku zote, isipokuwa akikasirika, ndipo humwita "mke wa mwanangu". Kwa majina hayo mawili nyumba nzima ilijua hali ya hewa.

"Mwanangu," alisema siku ile ya kwanza, akiwa ameketi kwenye kitanda kilicholowa, "huko juu kunavuja."

"Hakuvuji, mama."

"Kuna na uzi unaning'inia. Mweupe. Wewe ndiye fundi, uzi wako umefikaje huko?"

Mwenyekiti alipanda juu ya kiti akatazama. Dari lilikuwa limefanya doa la rangi ya chai, na katikati ya doa, kwenye ufa mwembamba, palikuwa pametokeza mzizi. Mzizi wa mboga, mweupe, mwembamba, ukichungulia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi. Akashuka akasema ni utando wa buibui, na jioni ile ile akakaa kwenye cherehani akashona vipande vya bitana vilivyobaki kwenye makoti ya watu, akatengeneza paa la kitambaa, akalitundika juu ya kitanda kwa misumari minne.

"La nini hili?"

"Vumbi, mama. Na mbu."

"Mbu wa humu ndani wanaruka wakitokea juu tu?"

Kitambaa kilificha doa na kikaficha mzizi. Maji hakikuyazuia, kiliyakusanya tu na kuyatiririsha taratibu hadi pembeni, yakaangukia pale pale ambapo mtu mzima aliyelala huweka nyonga zake. Hata angetaka kumtengenezea bibi wa watu fedheha kwa makusudi, asingeweza kupima vizuri zaidi. Baada ya habari za Redio kuzagaa, Mwenyekiti akaleta nailoni, akaitandika chini ya shuka. Mama mkwe aliigusa, ikalia. Aliijua kazi yake, kwa kuwa aliwahi kuwatandikia watoto wake.

"Mimi," alisema taratibu, "niliacha mambo haya kabla meno yangu ya utoto hayajang'oka."

Mwenyekiti alikunja pembe ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

* * *

Alijaribu kuyazuia maji kwa njia ya kikao. Aliwaita wanachama darini Jumamosi jioni, wakasimama kila mmoja kando ya magunia yake, mithili ya watu wanaolinda mizigo stesheni. Akasema mboga zinaoza mizizi kwa maji mengi, kwa hiyo kuanzia sasa watu wamwagilie asubuhi tu, kidogo, wenye zamu peke yao. Tena, akasema, magunia ya kona ile ni mazito mno, ingefaa yasogezwe.

"Ile kona ndiyo yenye jua," alisema Redio, ambaye magunia yake yalikuwa kwenye ile kona.

"Jua liko kote."

"Basi lete ya kwako tubadilishane."

Mwenyekiti alisema yake yako mlangoni na hayana shida. Kikao kikacheka kicheko kibaya. Karani akanyanyua kidole, akauliza ni kwa utaratibu upi mtu mmoja anaweza kuamka na kuamuru mboga za wenzake zilale na kiu, na kama kuna sababu nyingine, basi isemwe wazi mbele ya wanachama. Alisubiri. Wote walisubiri. Sababu ilikuwa imelala chini ya miguu yao, ina upana wa ukucha, na Mwenyekiti hakuweza kuitaja, maana akiitaja tu, kabla ya jua kuchwa mwenye jengo ameshaambiwa.

"Sina sababu nyingine," akasema.

"Basi dari ni la wote," Karani alisema, akifunga koti. "Huwezi kulitawala kama la kwako."

Wakapiga makofi. Mmoja aliongeza kwamba kumpa mtu ufunguo si kumpa nyumba, na mwingine akasema masikini akipata matako hulia mbwata, wakacheka tena, mbele yake, huku yeye amesimama na ule ufunguo shingoni. Jioni hiyo kila mtu alimwagilia mara mbili, kwa kumkomoa.

* * *

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuja na kuondoka, anayeijua barabara kuliko anavyoijua nyumba yake. Aliporudi safari hiyo hakupata hata nafasi ya kuweka begi chini. Redio alimpokea ghorofa ya kwanza kwa pole, Karani alimpa pole nyingine ghorofa ya pili na kumweleza kwamba zipo nyumba za kutunzia wazee wa namna hiyo, na hadi anafika juu, alikuwa amepewa pole za kutosha kuzika mtu. Alimkuta mama yake kwenye kiti, na godoro halipo.

Alikula kwanza. Kisha akasema amefikiri, kesho asubuhi atampeleka mama kwa dada yake aliyeolewa, akakae kule. Kule kuna uwanja na nafasi ya kuanika. Hapa wanachekwa na jengo zima.

"Nikafuliwe mashuka kwa mkwe wangu?" aliuliza mama yake.

"Mama, si kosa lako."

"Baba, mimi nina akili zangu. Sikojoi. Maji yanatoka juu."

"Juu kuna kitambaa, mama. Nimekiona."

"Na juu ya kitambaa kuna nini?"

Dereva alimgeukia mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa safari, na yalikuwa yakiomba jambo hili liishe, liishe vyovyote. "Kuna nini juu?" akauliza.

"Dari tu," alisema Mwenyekiti.

Halikuwa neno la uongo, na ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi. Mumewe akatikisa kichwa, akanawa mikono, akaenda kulala. Wanawake wawili walibaki mezani na vyombo.

"Mwanangu, nitazame," alisema mama mkwe. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo lilitisha zaidi. "Mimi sisomi moyoni mwako unajua nini. Nakuuliza. Mimi nakojoa kitandani?"

Mwenyekiti alimtazama kwenye paji la uso, maana macho hakuyaweza. Alifikiria magunia yote yale yakishushwa, na ngazi ile akiipanda tena kama yule wa juu. "Labda hujui tu, mama," akasema. "Usingizi hauna akili."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu akaona hakimfai. Kulikuwa na glasi ya maji mbele yake, hajaigusa. Aliisukuma kwa kidole hadi katikati ya meza. Hapo ndipo Mwenyekiti alipotambua kwamba tangu asubuhi ya jana hakumwona mama mkwe akinywa chochote, wala chai wala maji, na kwamba midomo yake ilikuwa imepasuka. Bibi alikuwa akijipima. Alijinyima maji ili ajue kama mwili wake ndio unaomsaliti, na kitanda kilikuwa kimelowa vile vile. Kwa hiyo alipouliza hakuwa anauliza. Alikuwa amempa mke wa mwanawe nafasi.

Mwenyekiti aliosha vyombo huku machozi yakimdondoka kwenye sinki. Hata hivyo hakwenda kuufungua mlango wa chumba cha mama mkwe.

* * *

Asubuhi mwenye jengo alikuja bila taarifa. Ukuta wa nje, kwenye kona ya juu, ulikuwa umeota ukungu unaoonekana hadi barabarani, na yeye alikuwa mtu anayetazama kuta zake kama wengine wanavyotazama watoto wao. Alipanda hadi ghorofa ya mwisho akihema, akasimama pale kwenye ngazi chini ya mlango wa darini, na nyuma yake wapangaji wakajipanga, Redio mbele.

Dereva alikuwa ametoka mlangoni na begi la mama yake. Bibi mwenyewe alikuwa amevaa nguo zake za safari, fimbo mkononi, akisubiri kupitishwa. Hakukuwa na nafasi ya kupita.

Mwenye jengo aliuliza kama kuna nyumba inayoingia maji. Aliwauliza mmoja mmoja. Wa chini wakasema hapana, wa kati wakasema hapana, na kila hapana ilimtazama Mwenyekiti, maana sasa wote walikuwa wameanza kuelewa hatari iliyopo.

"Na huku juu?" aliuliza. "Ukuta huu ni wa chumba gani?"

"Chumba cha Bibi," Redio aliwahi kusema, kabla hajaulizwa. Alisema kwa sauti ya huruma, ile ya watu wanaosaidia. "Bosi, si maji ya juu hayo. Bibi ana matatizo yake, jengo zima linajua. Kila siku godoro linaanikwa. Yakiingia ukutani mambo kama hayo, ukungu lazima."

Mtu alicheka ngazi ya chini, kicheko kikajifanya kikohozi. Karani alithibitisha kwamba suala hilo linafahamika. Walikuwa wanaokoa mboga zao, na waliziokoa kwa kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kikongwe aliyesimama mbele yao na fimbo. Dereva aliinamisha kichwa. Mwenye jengo, ambaye hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, aliona haya kidogo, akamgeukia bibi kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani kukuuliza hadharani. Maji haya ni yako?"

Mama mkwe hakumtazama. Alimtazama mke wa mwanawe, kwa muda, na midomo yake iliyopasuka ikafunguka kwa shida.

"Muulize Mwenyekiti," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Jengo zima lilimwita, watoto walimwita, hata mumewe alimtania kwa jina hilo, ila yeye hakuwahi. Mwenyekiti alisikia neno hilo likimwingia pahali ambapo "mwanangu" ilikuwa ikikaa, na akaelewa kwamba ile nyingine imeshatoka.

Akaingia ndani. Walidhani anakimbia, Redio akaanza kuguna. Alipita chumba cha mbele, akachukua mkasi kwenye cherehani, akaingia chumbani kwa mama mkwe, akapanda juu ya kitanda kwa viatu vyake. Alikata kitambaa upande mmoja, akakata wa pili. Kilikuwa kizito. Maji ya jana yaliyokuwa yametuama ndani yake yalimwagika yote, kwa kishindo, juu ya kichwa chake na juu ya nailoni, na udongo mweusi kidogo pamoja nayo. Akasimama hapo amelowa, akiwaelekea waliojazana mlangoni.

"Maji ni ya darini," alisema. "Ni ya magunia yetu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama hajawahi kulowesha kitanda hiki hata mara moja, na nyinyi mlipomcheka nilijua, nikanyamaza."

Doa lilikuwa limekwisha kuwa jeusi katikati. Mzizi ulikuwa umeongezeka na kuzaa vijizizi, ukining'inia juu ya mto wa bibi ukichuruzika. Mwenye jengo aliutazama kwa muda mrefu, akaugusa kwa fimbo ya mama mkwe aliyoomba kuazima, akairudisha kwa mikono miwili.

"Kila kitu kinashuka," akasema. "Kufikia Jumapili."

Hapo ndipo watu walipopata sauti. Redio alisema kumbe walikuwa wakifuga nyoka. Karani akasema Mwenyekiti ameshindwa kutunza maslahi ya wanachama. Mwenyekiti, maji yakimchuruzika kwenye nyusi, aliuliza basi nani atatengeneza hapa palipoharibika, maana walisema wenyewe kwamba dari ni la wote.

"Lile la juu," alisema Karani. "Hili la chini ni lako."

Mwenye jengo naye akasema ndivyo ilivyo, dari la ndani ni la mpangaji. Jambo hilo peke yake ndilo walilokubaliana wote asubuhi ile.

* * *

Shamba lilishuka kama lilivyopanda, kwa migongo ya watu, ila wakati wa kupanda watu waliimba. Sasa kila gunia lililopita mlangoni kwa Mwenyekiti liligonga mlango, kwa bahati mbaya, na kila beseni lilimwaga udongo kizingitini, kwa bahati mbaya pia. Mboga waligawana wakigombana. Nyanya zilizokuwa bado mbichi zilikanyagwa kwenye ngazi na hakuna aliyefagia. Ufunguo walikuja kuuchukua, wakaunyooshea mkono bila kusema, naye akauvua shingoni akawapa. Wateja wa cherehani walipungua, na waliobaki walituma nguo kupitia watu wengine. Alipopita, alisikia wakielekezana kwamba mwenye makosa yote haya ni yule wa juu.

Dereva alimwomba mama yake radhi. Alipiga magoti kabisa, mtu mzima, akaweka kichwa mapajani mwake, akalia. Mama yake alimpapasa utosi akamwambia inuka baba, wewe hukujua. Akavua nguo za safari, akazikunja, akazirudisha sandukuni, na habari ya kwenda kwa mkwe ikaisha hapo. Dereva hakumwambia mkewe chochote siku mbili nzima, na siku ya tatu akaondoka na lori lake.

Mwenyekiti alisubiri nyumba iwe na watu wawili. Alikuwa amekausha chumba, amesugua doa, ameuchoma moto mzizi ule na kitambaa kile, na amelaza godoro jipya alilolipata kwa kuuza pasi yake ya kazi. Akaketi sakafuni, miguuni pa mama mkwe, kama alivyokaa siku aliyoletwa katika ukoo huu.

"Mama, nimekukosea," alisema. "Sina la kujitetea. Nilipenda kuitwa."

Mama mkwe alikuwa akitazama dari. Lilikuwa limekauka, na ufa ulionekana tu kwa anayeujua. Mwenyekiti akadhani hakusikia, akataka kurudia.

"Nimesikia," alisema bibi. "Mwanangu alinikosea kwa kutojua. Hilo limekwisha. Wewe ulinitazama, ukaniambia usingizi hauna akili." Akashusha macho kutoka darini. "Sikutukani. Sitakwenda popote, nitakaa humu humu na wewe. Utanipikia, nitakula, na ukiugua nitakuuguza. Lakini lile jina nililokuwa nikikuita, mimi nililitoa mwenyewe, hukulipata kwenye kikao."

Mwenyekiti alilia bila sauti. Alisema mama, niite hata mke wa mwanangu, kama ulivyokuwa ukiniita ukikasirika, hata hilo. Bibi alitikisa kichwa. Hasira, alisema, ni ya watu wa nyumbani.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika jengo zima hakuna tena aliyemwita yule mwanamke kwa cheo chake. Redio alikuwa amekwisha kukisahau, Karani alikuwa akijipangia cheo kingine katika mambo mengine, na watoto walimpita kwenye ngazi bila kumpisha. Ni sauti moja tu iliyobaki nacho, sauti kavu kutoka chumba cha kona, asubuhi, mchana na jioni, kwa upole kabisa na bila chuki, na kila ilipoita aliinuka mbio kwenye cherehani akaacha nguo ya mtu na sindano yake.

"Mwenyekiti," iliita. "Naomba maji ya kunywa."